Kuhifadhi Utamaduni Ugenini: Tujifunze kwa Waslovenia na Waserbia

(Hotuba ya walimu iliyosomwa mbele ya Kamati ya Jamii katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Sisi walimu tumepewa nafasi ya kusema machache kuhusu utamaduni. Tulipokaa kuandaa hotuba hii tulikubaliana tusipoteze muda kusema kwamba utamaduni ni kitu kizuri, maana hakuna anayepinga. Tungependa kueleza jinsi unavyohifadhiwa na watu walio mbali na kwao: nani hufanya kazi hiyo, siku gani, kwa fedha ya nani, na ni mambo gani yanayouharibu. Sababu yetu iko mezani kwa Kamati. Ni ombi letu la kutumia madarasa mawili kila Jumamosi baada ya saa nane, kufundishia lugha za nyumbani. Ombi hilo limekaa tangu mwanzo wa mwaka wa shule, na tunaelewa kwa nini limekaa. Wako wanaosema watoto wana masomo ya kutosha. Wako pia wanaoogopa kwamba kila lugha ikipewa darasa, kesho kila kabila litadai kamati yake, na yale tuliyoyakimbia yatatufuata humu humu kambini. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, nasi tutairudia kabla ya kumaliza.

Mwaka jana tuliwapa wanafunzi wa darasa la tano zoezi dogo: andika jina la mto ulio karibu na nyumbani kwenu. Wengi waliandika jina la mto wa hapa, ule tunaochota maji. Hatukuweza kuwatilia kosa, kwa sababu wamezaliwa hapa. Na sote tunamfahamu bibi anayemsalimu mjukuu wake kwa lugha ya nyumbani, naye mtoto akamtazama jirani ili amtafsirie. Haya ndiyo yaliyotufanya tuandike ombi.

Mfano wetu tumeutoa mbali kwa makusudi. Tukitoa mfano wa karibu, kila mmoja atatafuta ni nani anayesemwa. Basi twende Ulaya, kwa Waslovenia na Waserbia.

Ni watu gani hawa?

Wote wawili ni Waslavu wa kusini. Tangu mwaka 1918 walikuwa ndani ya nchi moja iliyokuja kuitwa Yugoslavia, nayo ilivunjika kuanzia mwaka 1991 kwa vita vilivyofukuza watu wengi makwao. Waslovenia ni taifa dogo, nchi yao ina watu wapatao milioni 2. Wengi wao wana asili ya Kikatoliki, nao huandika kwa herufi za Kilatini. Lugha yao ina jambo ambalo walimu tulilipenda: kati ya umoja na wingi iko hali ya uwili. Mtu akisema "sisi" na maana yake ni watu wawili tu, hutumia neno jingine kabisa. Waserbia wengi ni Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi, nao huandika kwa herufi za Kisirili pamoja na za Kilatini. Alfabeti yao ina herufi 30. Ilitengenezwa upya katika karne ya 19 na Vuk Karadžić, ambaye alitaka kila sauti iwe na herufi yake moja.

Mataifa haya mawili yamezoea kuondoka kwao. Wengine walifuata kazi za migodi na viwanda vya chuma Marekani, wengine walikimbia vita, na wengine walikwenda Ujerumani na Austria kama vibarua baada ya mikataba ya kazi ya miaka ya 1960. Hata bara letu liliwapokea. Kuanzia wakati wa kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, wanawake wengi wa Kislovenia kutoka upande wa Gorica walikwenda Alexandria na Cairo kuwa yaya na wanyonyeshaji katika nyumba za matajiri. Baadhi yao waliacha watoto wao wachanga nyumbani, wakanyonyesha wa wengine, na kwa fedha waliyotuma mashamba ya familia yakaokolewa yasiuzwe kwa deni. Kwa muda mrefu vijiji vyao viliwaonea haya na kunyamaza juu yao. Leo kijiji cha Prvačina kina makumbusho ya akina mama hao. Tunalitaja hili mapema ili ieleweke kwamba urithi wa watu si ngoma na mavazi tu. Hata safari iliyoumiza ni urithi, nayo husimuliwa.

Shule ya kambini, mwaka 1945

Mwezi Mei 1945, vita kuu ilipokwisha, maelfu ya Waslovenia walivuka milima kuingia kusini mwa Austria. Walikuwemo askari waliopigana upande wa Wajerumani dhidi ya Wapartizani, na walikuwemo raia, wazee, wanawake na watoto. Hatukuja hapa kuhukumu vita vyao. Waliwekwa uwanjani pale Vetrinj, mahali ambapo Wajerumani hupaita Viktring, karibu na mji wa Klagenfurt, chini ya jeshi la Uingereza. Mwisho wa mwezi huo askari wapatao 10,000 walirudishwa Yugoslavia, na wengi wao wakauawa. Raia wapatao 6,000 walikuwa wafuate. Hawakurudishwa, kwa sababu Dokta Valentin Meršol, aliyekuwa msemaji wao, na Meja Paul Barre, Mkanada aliyesimamia kambi, walikwenda kwa wakubwa wa jeshi kuwatetea, na amri ikabadilishwa. Wazee wetu wa Kamati, na ninyi watumishi wa mashirika, mnaona wenyewe kazi inayoweza kufanywa na msemaji mmoja wa wakimbizi na msimamizi mmoja anayesikiliza.

Sasa angalieni walichofanya raia hao katika majuma yale yale ya hofu. Walifungua shule. Palikuwa na shule ya msingi, na palikuwa na shule ya sekondari chini ya Marko Bajuk, mwalimu aliyekuwa mtu mzima mwenye uzoefu mrefu wa Ljubljana. Vitabu vilikuwa haba mno, na masomo mengi yalitoka katika kumbukumbu ya mwalimu. Walipohamishiwa kambi za Lienz na Spittal, shule ilihama nao. Baadhi ya vijana wake waliendelea hadi Chuo Kikuu cha Graz.

Tunapenda mlitambue jambo hili. Shule ile haikungoja kambi itulie, wala haikungoja ijulikane watu watapelekwa nchi gani. Walimu hawakujua kama mwaka ujao wangekuwa Austria, Argentina au kaburini. Walifundisha.

Jumamosi za Buenos Aires

Kuanzia mwaka 1948 wengi wao walisafirishwa kwenda Argentina, na wengine Marekani, Kanada na Australia. Kule Buenos Aires watoto wao walisoma shule za serikali kwa Kihispania, Jumatatu hadi Ijumaa, kama watoto wote wa nchi ile. Hilo hawakulipinga. Jumamosi ilikuwa siku ya shule ya Kislovenia: kusoma na kuandika, historia, jiografia ya nchi ya wazazi, nyimbo na dini. Walimu walikuwa watu wa jumuiya yenyewe, wenye kazi nyingine za kutafuta riziki.

Katika vitongoji walikokaa, kama Ramos Mejía, San Justo, Carapachay na Lanús, walijenga nyumba za jumuiya kwa michango yao na nguvu zao wenyewe. Katika nyumba hizo palikuwa na darasa, jukwaa la michezo ya kuigiza, kwaya, jiko na mahali pa vijana kucheza. Walikuwa na gazeti lao, Svobodna Slovenija, na mwaka 1954 walianzisha chama cha kuchapisha vitabu na kuendesha shughuli za utamaduni. Kozi yao ya sekondari ya Jumamosi ilipewa jina la yule Marko Bajuk wa kambini.

Na matunda? Mwalimu Bajuk alikuwa na mjukuu, Andrej, aliyezaliwa Ljubljana mwaka 1943. Mtoto huyo alikimbizwa akiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, akaishi kambini Austria karibu miaka mitatu, akakulia Mendoza huko Argentina. Alisoma uchumi, akafanya kazi katika benki ya maendeleo ya nchi za Amerika. Slovenia ilipojitegemea alirudi, na mwaka 2000 akawa Waziri Mkuu wa nchi hiyo, kisha kuanzia 2004 hadi 2008 Waziri wa Fedha. Alifariki mwaka 2011. Hatusemi kwamba kila mtoto wa Jumamosi atakuwa waziri mkuu. Tunasema kwamba siku mlango wa nyumbani ulipofunguka, mtoto wa kambini alikuwa na lugha ya kuingilia. Kama asingekuwa nayo, angerudi kwao kama mgeni.

Hebu tulinganishe na wenzao waliotangulia Marekani. Mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, ulipokea Waslovenia wengi sana tangu mwisho wa karne ya 19. Waliunda vyama vya kusaidiana: cha Wakatoliki mwaka 1894, na kingine kisichofungamana na kanisa mwaka 1904. Mwanachama alilipa kidogo kila mwezi, na akifa au akiumia mgodini familia yake ilipata msaada. Mwaka 1924 walifungua jumba kubwa la taifa lao katika barabara ya St. Clair, lenye ukumbi wa kuigizia. Muziki wao wa polka ukaenea nchi nzima kwa mkono wa Frankie Yankovic, mtoto wa wahamiaji, aliyepewa tuzo ya Grammy mwaka 1986. Lakini wajukuu na vitukuu wengi wa Cleveland leo wanazungumza Kiingereza. Soseji ipo, keki iitwayo potica ipo, kinanda kipo, lugha imebaki kwa wachache. Tusiwadharau, maana wamehifadhi mengi. Ila tujue kwamba ngoma inaweza kuishi yenyewe bila lugha, lakini lugha haiishi bila mtu kuifundisha kila juma.

Mkate, ngano na mshumaa

Waserbia wanatufundisha jambo jingine. Familia nyingi za Kiserbia zina mtakatifu wao, na sikukuu yake huitwa slava. Baba humrithisha mwanawe. Kinachohitajika ni mkate maalumu, ngano iliyochemshwa, mshumaa, na mlango ulio wazi, kwa sababu kwa desturi mgeni wa slava haalikwi, huja mwenyewe. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka slava katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini nguvu yake haitoki UNESCO. Inatoka katika ukweli kwamba haihitaji jengo, wala kibali, wala bajeti. Iliwezekana katika chumba cha mchimba dhahabu wa California na katika chumba cha kibarua wa Vienna. Mtoto anayeuliza "mbona leo tunawasha mshumaa?" amekwisha kuanza somo.

Tukijiangalia sisi, tunayo mambo ya namna hiyo: kumpa mtoto jina na kumweleza jina hilo ni la nani, vitendawili wakati wa kungoja chakula kiive, namna ya kumsalimu mkwe. Hayo hayamo katika mgao, na hakuna shirika linaloweza kutugawia. Ni kazi ya nyumba.

Waserbia pia walijua thamani ya karatasi. Mwaka 1690 maelfu walikimbia vita na Waturuki wakiongozwa na Patriaki Arsenije wa Tatu Čarnojević, wakaingia katika nchi za mfalme wa Habsburg. Baadhi walikaa katika mji wa Szentendre kando ya mto Danube, nchini Hungaria. Mwaka 1826, katika mji wa Pest, wafanyabiashara na wasomi wa Kiserbia waliunda chama kiitwacho Matica srpska, kwa sababu jarida lao lililoanza mwaka 1824 lilikuwa karibu kufa kwa kukosa fedha. Walichanga. Chama hicho kilihamia Novi Sad mwaka 1864, na jarida lile linatoka mpaka leo. Szentendre kwenyewe makanisa ya Waserbia bado yamesimama, mazuri sana, lakini familia za Kiserbia zilizobaki ni chache. Jengo limebaki, watu wamekwenda. Jarida halikuwa na kuta, likahama na watu.

Hata walipokuwa wagonjwa hawakuacha. Mwaka 1916, baada ya jeshi lao kushindwa na kuvuka milima ya Albania kwa miguu wakati wa baridi kali, askari wengi wa Kiserbia waliletwa Afrika, Bizerte nchini Tunisia, kutibiwa. Wakiwa pale walikuwa na kiwanda cha kupiga chapa na gazeti lao, Napred. Katika Marekani, gazeti la Amerikanski Srbobran lilianza Pittsburgh mwaka 1906, miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Na mwanasayansi Mihajlo Pupin, aliyefika New York mwaka 1874 akiwa kijana mwenye senti tano mfukoni, aliandika kitabu cha maisha yake kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1924. Ndani yake alimtukuza mama yake, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Alilitia jina la kijiji chake, Idvor, katika jina lake mwenyewe. Wamama wetu mnaosema "sisi hatukusoma, tutawafundisha nini watoto?", tafadhali mmkumbuke mama Pupin.

Kinachoharibu

Sasa tunarudi kwenye hofu ya Kamati. Je, utamaduni hauwezi kuleta fitina? Unaweza, na mifano hii haifichi.

Waserbia wa Marekani waligombana ndani ya kanisa lao mwaka 1963, kuhusu askofu na uhusiano na nchi ya nyumbani iliyokuwa chini ya wakomunisti. Parokia ziligawanyika, ndugu wakaacha kuzikana, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1976. Upatanisho ulikuja mwaka 1992. Ni karibu miaka 30, watoto wa kizazi kizima walilelewa katika mgawanyiko. Waslovenia nao walikuwa na upande wa kanisa na upande wa huru, kila upande na chama chake na gazeti lake. Na Yugoslavia ilipovunjika, yalionekana mabaya zaidi: nyimbo za kale za msiba na ushujaa zikatumiwa kuwasha chuki, na baadhi ya watu wa ughaibuni walituma fedha za kuendeleza vita badala ya daftari.

Basi tumejiuliza, tofauti iko wapi? Tumeona tofauti moja. Darasa linalomfundisha mtoto lugha, majina ya mito, mapishi na adabu humpa kitu chake. Darasa linalomfundisha nani adui yake humpa kitu cha watu wengine wanaotaka kumtumia. Na la pili halihitaji ruhusa ya Kamati wala chumba cha shule. Hufundishwa gizani, nyuma ya turubai, na mtu yeyote mwenye uchungu. Tukikataa la kwanza kwa kuogopa la pili, tutakuwa tumefunga darasa lenye madirisha na kuliacha lile la gizani likiendelea peke yake.

Ombi letu

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, tunaleta tena ombi letu tukiwa tumelirekebisha:

1. Tupewe madarasa mawili, Jumamosi baada ya saa nane, kwa muhula mmoja wa majaribio.

2. Mtoto yeyote aruhusiwe kuingia darasa la lugha yoyote. Mtoto wa jirani akitaka kujifunza lugha ya jirani, akaribishwe kwanza.

3. Wazee wanaume na wanawake wafundishe pamoja na mwalimu, bila malipo, na mjumbe wa Kamati awe na haki ya kuingia wakati wowote bila kupiga hodi. Wimbo au hadithi ya kutukana kabila lolote isipate nafasi.

4. Kila darasa liwe na daftari moja kubwa la kuandika majina ya vijiji, milima na mito, methali, dawa za miti, mapishi, na safari ya kila familia hadi hapa. Daftari hilo liwe mali ya jumuiya, na likijaa nakala yake iwekwe ofisi ya Kamati.

5. Kwa mashirika hatuombi fedha. Tunaomba chaki, madaftari, na mlinzi asifunge geti mapema.

Watoto wetu waendelee kusoma kwa lugha ya shule, maana ndiyo itakayowapa cheti na kazi, kama Kihispania kilivyowapa wale wa Buenos Aires. Jumamosi haichukui kitu cha Jumatatu. Wahenga walisema asiyejua atokako hajui aendako. Sisi hapa kambini aendako hatujui bado, hilo haliko mikononi mwetu. Atokako mtoto, hilo tunalijua, na wanaolijua vizuri wanapungua. Tangu maadhimisho ya mwaka jana tumezika wazee kadhaa. Kila mmoja alikuwa na majina ya mito ambayo hatukuyaandika.

Tunangoja jibu la Kamati kwa subira na kwa heshima.